Mchoraji Aliyekataa Kuwapamba Waigizaji

Katika sebule ya ami yangu mmoja hapa Mji wa Kale, Mombasa, ipo picha ambayo nimeitazama tangu utotoni. Si ami wa damu. Ni mzee jirani ambaye sisi tuliokulia katika kichochoro kile tumemwita ami miaka yote. Ujanani alikuwa baharia, na picha hiyo aliinunua Yokohama, Japani, katika duka la karibu na bandari. Ni nakala tu, haina thamani kubwa. Imetiwa fremu nyeusi na kutundikwa kando ya saa. Siku hizi mzee hawezi kwenda msikitini kwa maumivu ya magoti. Adhana inapolia huinuka akaigeuza ile picha ikatazama ukuta, kisha akasali. Akimaliza uradi wake huigeuza tena.

Picha yenyewe ni ya mwanamume anayeonekana kuanzia kifuani kwenda juu. Kichwa amekitokeza mbele, mdomo ameubana ukapinda chini, macho madogo yamekodoka, na mikono miwili imechomoza kifuani mwa nguo, vidole vimetanuka kama vya mtu anayetaka kurukia kitu. Nyuma yake hamna nyumba wala mti. Ni kiza kitupu chenye kumeremeta.

Utotoni nilimwogopa mtu yule. Sasa nimefika miaka ya hamsini na kitu, namtazama nikajiuliza maswali, na maswali hayo ndiyo yaliyonipeleka vitabuni. Leo, msomaji, nataka tuyazungumze.

Najua wako watakaoguna. Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa mkali sana katika jambo la taswira za viumbe vyenye roho. Tulipopatikana tumechora paka ukutani kwa mkaa, bakora haikukawia. Wenye elimu wana maneno yao katika jambo hilo, na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Ami naye ameshaamua la kufanya ndani ya nyumba yake, kama nilivyoeleza. Langu mimi ni jambo jingine, linalotugusa sote tunaoishi kwa kalamu: mtu anayemtazama mwenzake kisha akamweleza kwa watu, amweleze alivyo, au amweleze kama mwenyewe apendavyo kuelezwa?

MCHEZO WA KABUKI

Yule wa pichani ni mwigizaji Otani Oniji wa tatu, akicheza sehemu ya mtumishi mwovu aitwaye Edobei. Mchezo huo ulionyeshwa mwezi wa tano, kwa kalenda yao ya zamani, mwaka 1794, katika jumba la Kawarazaki mjini Edo, mji ambao leo huitwa Tokyo. Edobei amekuja kumnyang'anya mtumishi mwenziwe fedha, na hapo ndipo yu tayari kumrukia.

Mchezo ni wa aina iitwayo Kabuki. Wajapani husimulia kuwa aliyeuanzisha ni mwanamke aitwaye Okuni, aliyecheza ngoma na vichekesho mjini Kyoto mwaka 1603. Haukupita muda mrefu watawala wa ukoo wa Tokugawa wakaona kwamba michezo ile inaleta fujo na uasherati. Mwaka 1629 wakawapiga marufuku wanawake kupanda jukwaani. Mahali pao pakashikwa na vijana wa kiume, na fujo haikupungua, basi mwaka 1652 vijana nao wakakatazwa. Wakabaki wanaume wazima, nao wakaamriwa kunyoa nywele za mbele ili wasivutie macho. Tangu zama hizo sehemu zote za kike katika Kabuki huchezwa na wanaume, nao huitwa onnagata. Ukitazama picha zao za kale utaona kitambaa kidogo cha zambarau juu ya paji la uso. Kinafunika pale palipoamriwa kunyolewa.

Kabuki si mchezo wa kunong'ona. Watu walikuwa wakiingia asubuhi na kutoka jioni, wakila na kunywa mumo humo. Mambo yanapofika kileleni, mwigizaji hukaza mwili wote, akakodoa macho, akaganda kama sanamu, huku mbao zikigongwa sakafuni na mashabiki wakimwita kwa sauti. Kuganda huko huitwa mie. Kunadumu kitambo kidogo tu, kisha mchezo ukaendelea. Hicho kitambo ndicho watu wa Edo walichotaka kurudi nacho nyumbani, na ndicho walichouziwa katika karatasi.

WATU WANNE, MAJINA MAWILI

Picha hizi hazikuwa za matajiri. Ziliuzwa madukani kwa bei isiyozidi sana ile ya bakuli la tambi, hata mtu wa kazi ya mkono aliweza kuimudu. Wala usidhani kuwa mchoraji alikaa na brashi akachora kila moja. Zilikuwa picha za chapa, zilizopigwa kwa mbao, na kila moja ilipita mikononi mwa watu wanne.

Wa kwanza ni mwenye duka, aliyetoa mtaji na kuamua nani achorwe. Wa pili ni mchoraji, aliyechora kwa wino mweusi juu ya karatasi nyembamba. Karatasi hiyo ilibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mwituni, mti mgumu uliokazana, na hapo akaingia wa tatu, mchongaji. Huyo alichonga akipita juu ya ile karatasi yenyewe, akaacha mistari imesimama. Kwa hivyo mchoro wa mkono wa mchoraji uliangamia papo hapo. Nywele za pale zinapoanzia kwenye paji alipewa fundi mkubwa kuzichonga, maana kila unywele husimama juu ya ubao mwembamba kama uzi. Kila rangi ilichongewa ubao wake, na pembezoni mwa kila ubao zikatiwa alama za kuongoza karatasi ili rangi zisipishane. Wa nne ni mpiga chapa. Huyo alipaka rangi ubaoni, akalaza karatasi ya gome la mforosadi iliyotiwa unyevu, akaisugua kwa nyuma kwa kijisahani kilichofungwa ganda la mwanzi. Hapakuwa na mashine yoyote. Ilikuwa ni nguvu za bega na kiganja. Kile kiza kinachometa nyuma ya Edobei ni unga wa ulanga, lile jiwe linalong'aa kama kioo, uliotiwa gundi.

Katika picha hiyo limo jina la mchoraji, na imo alama ya mwenye duka. La mchongaji na la mpiga chapa hamna. Jambo hili halitushangazi sisi watu wa pwani. Mama zetu walijifunga kwa miaka mingi leso zilizopigwa chapa huko huko Japani, zikaletwa hapa Mombasa kwa meli. Jina la leso tunalisoma, na alama ya mwenye duka tunaiona, lakini nani aliyelichora ua lile la pembeni? Na milango ya nakshi ya Lamu na ya mtaa wetu huu, ni mingapi iliyobaki na jina la fundi?

KUTOKA NEMBO HADI USO

Mwanzoni wachoraji wa picha za Kabuki hawakujali uso. Nyumba ya Torii, iliyokuwa ikichora mabango ya majumba ya michezo tangu mwisho wa karne ya 17, ilimchora kila mwigizaji kwa miguu iliyofura kama kibuyu na mistari iliyojipinda kama nyungunyungu. Uso ulikuwa ule ule mmoja. Ukitaka kumjua mtu, ulitafuta nembo ya nyumba yake katika nguo.

Katika miaka ya 1760 ndipo Katsukawa Shunsho na wenziwe walipoanza kuchora nyuso zinazotambulikana. Wakati huo huo, mwaka 1765, ufundi wa kupiga chapa ya rangi nyingi ulistawi kwa kazi za Suzuki Harunobu. Sasa shabiki aliweza kununua uso wa mwigizaji ampendaye, akasema, naam, ndiye huyu. Lakini ulikuwa uso uliokwishasafishwa, umeondolewa makunyanzi na uchovu, kama bwana harusi siku ya kuingia nyumbani.

Palikuwa na mwenye duka mmoja mjini Edo, Tsutaya Juzaburo, mtu hodari wa biashara na asiyeogopa. Mwaka 1791 serikali ilimtoza nusu ya mali yake kwa kuchapisha vitabu vya Santo Kyoden vilivyoonekana kuvunja amri, na mwandishi mwenyewe akatiwa pingu siku 50. Miaka mitatu baadaye, mwezi ule ule wa mchezo wa Edobei, Tsutaya akatoa kwa mkupuo picha 28 kubwa za nyuso za waigizaji, zote zikiwa na ule ulanga wa gharama nyuma yake. Jina lililotiwa sahihi halikuwa limeonekana kabla ya hapo katika picha yoyote: Toshusai Sharaku.

Huyu Sharaku aliwachora watu wawili katika uso mmoja. Wa kwanza ni yule anayeigizwa, na wa pili ni yule anayeigiza. Mtazame Segawa Kikunojo wa tatu, onnagata mkubwa wa zama zake, akicheza mke wa mtu aitwaye Oshizu. Nguo ni za kike, nywele ni za kike, mdomo umetiwa rangi. Lakini mashavu yale mazito na kidevu kile ni vya mwanamume aliyeshapita miaka arubaini. Mtazame Ichikawa Ebizo, aliyejulikana kabla ya hapo kwa jina kubwa la Danjuro wa tano, mtu wa rika langu mimi siku hiyo alipochorwa. Anacheza mzee aliyeamua kujiua kwa sababu ya aibu iliyompata binti yake. Huzuni ya yule mzee unaiona, na mikunjo iliyo chini ya macho ya Ebizo mwenyewe unaiona pia, na pua yake kubwa haikupunguzwa hata chembe.

Watu hawakufurahi. Ota Nanpo, mwandishi wa Edo wa wakati huo, aliacha maelezo kwamba Sharaku alipita kiasi katika kutafuta ukweli, akachora yasiyopaswa kuchorwa, na kwa hivyo hakudumu. Picha zilizofuata zilikuwa ndogo zaidi, na nyingi zikaonyesha mwili mzima, na ule ukali wa mwanzo ukapungua. Ilipofika mwanzo wa mwaka 1795 Sharaku akanyamaza. Kwa muda wa miezi kumi hivi alikuwa ametoa picha zaidi ya 140, na baada ya hapo hapana hata moja.

Mwaka ule ule wa 1794, mchoraji mwingine, Utagawa Toyokuni, alianza kutoa picha zake za waigizaji jukwaani. Hao wa Toyokuni wamesimama wima, nadhifu, kila mmoja mzuri kama alivyotaka awe. Toyokuni akapata riziki yake na sifa, na wanafunzi wake Kunisada na Kuniyoshi wakatawala biashara ya picha kwa miaka mingi. Wala simdharau, kwani alikuwa fundi kweli, na kumpendeza mteja si dhambi.

Sharaku alikuwa nani? Mwaka 1844 mwandishi Saito Gesshin aliandika kuwa jina lake la kweli ni Saito Jurobei, mwigizaji wa Noh aliyemtumikia mtawala wa Awa. Mwaka 1997 daftari la hekalu moja likaonyesha kwamba mtu wa jina hilo alifariki mwaka 1820. Wataalamu wengi sasa wanakubali kuwa ndiye. Ikiwa ni hivyo, basi tafakari, msomaji. Noh ni mchezo wa kale zaidi na wa heshima zaidi kuliko Kabuki, na mwigizaji wake mkuu aghalabu huvaa uso wa mbao. Na yule mzee anayechezwa na Ebizo katika picha niliyoitaja alikuwa mwalimu wa Noh. Mtu aliyetoka katika mchezo huo wa nyuso zilizofichwa aliketi akawatazama wenziwe wanaocheza nyuso wazi, akaona yale ambayo wengine waliyazoea hata wasiyaone.

BIBI MWIMBAJI

Sasa nitasema kwa nini jambo hili limenikaa moyoni.

Miaka zaidi ya ishirini iliyopita niliandika habari ya bibi mmoja, mwimbaji wa harusini, ambaye sitamtaja jina. Nilimsikia usiku mmoja akiimba, naye alikuwa keshazeeka. Niliandika kama nilivyosikia: kwamba katikati ya wimbo sauti ilimkatika, akakohoa, akaomba maji, akaanza tena kutoka pale pale alipoachia, kwa sauti ya chini, na wanawake waliokuwa ukumbini wakalia. Mimi nilidhani nimemsifu. Watu wa nyumbani kwake walisema nimemvua nguo mzee wao hadharani. Kwa miaka kadhaa tulipishana njiani bila salamu.

Nilijitetea kwa wengine, lakini kwa nafsi yangu sikuwa na jibu. Chuoni tulifundishwa kusitiri aibu ya mwenzio, na mimi naamini hivyo hadi leo. Mwandishi anayezunguka akifunua madoa ya watu ili wasomaji wacheke, huyo anakula nyama ya ndugu yake. Je, ndivyo nilivyofanya? Na huyu Sharaku, ndivyo alivyofanya?

Nimezitazama picha zake katika vitabu mara nyingi nikiwa na swali hilo, na sioni kicheko ndani yake. Anayemkashifu mwenzake hutafuta doa moja akalikuza. Sharaku hakuchagua doa, bali alitazama kazi. Kile kidevu kizito chini ya rangi ya mdomo kinatuonyesha taabu ya mwanamume anayejigeuza kuwa mke wa mtu, asubuhi hadi jioni, mbele ya watu waliolipa. Mchoraji aliyemgeuza akawa msichana mzuri tu ameificha taabu yake, na taabu ndiyo iliyokuwa ufundi wake. Uzee si aibu, msomaji. Aibu husitiriwa. Uzee na jasho vyataka shahidi.

Hata hivyo siwezi kusema kuwa Kikunojo alikosea kama alikasirika. Uso ulikuwa wake, na riziki ilikuwa yake. Hapo ndipo ugumu ulipo, na sidhani kuwa utaondoka. Bibi yule alipofariki nilikwenda maziarani. Mwanawe alinipa mkono, hatukusema neno. Mwaka uliofuata mjukuu wake mmoja akaja kuniomba nakala ya lile gazeti. Nilimpa. Sikumuuliza anataka kulifanyia nini.

Sharaku naye alingoja zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1910 Mjerumani Julius Kurth alitoa kitabu juu yake, na jina lake likaenea Ulaya. Leo picha zake zimo katika majumba ya makumbusho ya Tokyo, London, New York na Chicago. Kwa kuwa rangi zile za zamani hufifia zikipigwa na mwanga, huonyeshwa muda mfupi, kisha zikarudishwa gizani zipumzike. Kabuki yenyewe ingali hai. UNESCO iliiandika katika orodha yake ya turathi za wanadamu mwaka 2008, na mwezi wa Novemba 2022 mwigizaji wa ukoo ule ule wa Ichikawa alirithi jina la Danjuro, akawa wa kumi na tatu.

Juzi nilikwenda kwa ami nikamsimulia yote haya. Alisikiliza, kisha akasema kuwa hakupata kujua kama yule ni mwigizaji. Nikamuuliza, basi kwa nini aliinunua?

"Kwa ule mdomo," akasema. "Alikuwako serahangi mmoja katika meli yetu, akikasirika mdomo wake huwa vile vile."

"Alikuwa mtu mbaya, ami?"

"La. Alikuwa vile tu. Kazi yote niijuayo alinifundisha yeye."

Akanitazama kidogo. "Na mimi, mwanangu, siku ukiniandika utayaandika na haya magoti?"

Nikamwambia kwamba nitayaandika.

"Basi andika pia kuwa nasali nimekaa, wasije watu wakadhani nimeacha sala."

Adhana ya alasiri ikaanza. Akainuka polepole, akaigeuza picha, nami nikamsogezea kiti chake upande wa kibla.